Mashine Iwe Mwandishi, Isiwe Shahidi

Ni machache katika zama hizi yanayowashughulisha wenye maduka kama jambo la kuhama kutoka daftari la mkono kwenda katika hesabu za kompyuta. Tangu Kenya ilipoanza kutuma fedha kwa simu kwa njia ya M-Pesa mwaka 2007, na tangu Tanzania ilipoanza kuwataka wafanya biashara kutoa risiti za mashine za kielektroniki mwaka 2010, imedhihiri ya kwamba mwenye duka hataachwa na daftari lake peke yake. Mwenye kupenda atahama, na asiyependa atahamishwa. Basi suali si kuhama au kutohama. Suali ni vipi mtu atahama bila ya kupoteza mali yake, haki za watu, na heshima ya wale wanaomtumikia.

Huenda msomaji akauliza: Mwalimu wa chuoni ana nini na kompyuta za madukani? Jawabu yetu ni kwamba hesabu ya duka haikomi dukani. Kwa hesabu hiyo ndiyo mtu hutoa zaka ya biashara yake. Kwa hesabu hiyo ndiyo hulipwa madeni ya maiti kabla ya mirathi kugawanywa. Mayatima hupata au hukosa kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa au usioandikwa. Kila penye daftari lililovurugika, fitina haiwi mbali na nyumba hiyo, na wenye fitina hiyo aghlabu huja kwa walimu kutafuta suluhu wakati ambapo mwenye kujua hesabu ameshazikwa. Kwa hivyo jambo hili latuhusu sote, waume kwa wake, wenye maduka makubwa na mama anayeuza viungo nyumbani kwake.

KUANDIKA NA KUSHUHUDIA NI MAMBO MAWILI

Dini yetu haikungoja kompyuta kuja ndipo itufundishe umuhimu wa kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, imeshuka katika habari ya deni na kuandikwa kwake. Mwenye kuizingatia aya hiyo ataona ya kuwa imetaja watu wa namna mbili. Kuna mwandishi anayeandika baina ya wawili kwa uadilifu, na kuna mashahidi wanaolijua jambo lilivyokuwa. Mwandishi hakufanywa kuwa shahidi kwa sababu tu ya kushika kalamu, na wote wawili wamekingwa wasidhuriwe.

Hii ndiyo nukta tunayotaka msomaji aishike tangu mwanzo hata mwisho wa makala haya. Kompyuta ni mwandishi hodari. Haichoki wala haisinzii, na hati yake husomeka. Lakini yaandika lile iliyoambiwa na mtu, kwa kanuni zilizowekwa na mtu mwingine ambaye pengine hajapata kuliona duka lako. Haikuwapo bidhaa ilipopimwa, wala haikumuona mteja akiondoka. Mwenye kuifanya mwandishi atanufaika nayo. Na mwenye kuifanya shahidi, kisha akahukumu watu kwa neno lake peke yake, yuko karibu sana na dhulma.

WAZEE WALIVYOHAMA

Kubadili namna ya hesabu si jambo geni katika tarikh ya Waislamu. Wanahistoria wanasimulia ya kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab aliletewa hati ya deni lililopasa kulipwa mwezi wa Shaaban, naye akauliza ni Shaaban ya mwaka gani, kwani hati haikuonyesha mwaka. Katika sababu zinazotajwa za kuwekwa tarehe ya Hijra, hiyo ni moja. Tazama jinsi hati moja yenye upungufu ilivyotengenezewa kanuni iliyowafaa watu wote.

Na Waislamu walipoifungua Iraq na Sham walikuta madaftari ya kodi yakiandikwa kwa Kifursi upande mmoja na kwa Kirumi upande wa pili. Hawakuyatupa siku ya pili yake. Waliwaacha makarani na hesabu zao zaidi ya miaka hamsini, mpaka zama za Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, aliyetawala tangu mwaka 685 hata 705 wa miladi, ndipo madaftari hayo yakageuzwa kuwa ya Kiarabu. Al-Baladhuri amesimulia ya kuwa aliyeyageuza ya Iraq ni Salih bin Abdul-Rahman, naye alikuwa ameinukia kazini chini ya mkuu wa makarani wa Kifursi, akizijua lugha zote mbili. Alipoulizwa atafanyaje na yale majina ya Kifursi ya mafungu madogo ya hesabu, alikuwa na jawabu tayari, kwani alikuwa ameyafanyia kazi.

Hapa pana mafunzo makubwa. Aliyekabidhiwa kazi ya kugeuza hesabu ni yule aliyeijua ya zamani kama alivyoijua mpya. Wengi wetu leo twafanya kinyume chake. Twamleta kijana anayeijua kompyuta lakini hajui duka, na twamwambia mzee anayejua duka aketi kando kwa kuwa hajui kompyuta. Kisha twastaajabu hesabu zikikataa kukubaliana.

UINGEREZA YAHAMA KWA TARATIBU

Tumetaja watu wa kale. Sasa na tutaje mambo mawili yaliyopita Uingereza katika zama za karibu, moja jema na moja baya, kwani yote mawili yana tarehe zake na yafaa kuzingatiwa.

Mwaka 1966 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa itaiacha hesabu yake ya zamani ya fedha. Katika hesabu hiyo pauni moja ilikuwa shilingi 20, na kila shilingi peni 12, hata pauni ikawa na peni 240. Katika hesabu mpya pauni ingekuwa peni 100. Sisi wa Afrika ya Mashariki, ambao shilingi yetu ilianza mwaka 1921 ikiwa na senti 100, twaweza kuliona jambo hilo kuwa jepesi. Lakini kwa watu waliolelewa katika hesabu ya kumi na mbili, baba kwa babu, ilikuwa ni kubadili akili za kila muuzaji na kila mnunuzi kwa pamoja.

Walifanyaje? Walijipa muda wa miaka mitano. Mwaka 1968 walitoa sarafu mpya za peni 5 na peni 10, nazo zilikuwa sawa kwa ukubwa na kwa thamani na shilingi moja na shilingi mbili za zamani, hata mkono wa mtu ukazizoea kabla ya akili yake kutakiwa kuhesabu. Waliteua siku ya Jumatatu, tarehe 15 Februari 1971, kwa kuwa mwezi huo biashara huwa imepoa. Mabenki yalifungwa siku ya Alkhamisi na Ijumaa zilizotangulia ili makarani wapate kugeuza hesabu za watu kwa utulivu. Kila nyumba ilipelekewa kitabu kidogo cha maelezo. Maduka yalionyesha bei kwa hesabu zote mbili, na peni za zamani ziliendelea kupokelewa hata tarehe 31 Agosti mwaka huo, ndipo zikaondolewa kabisa.

Malalamiko hayakukosekana. Wako walionung'unika ya kuwa wenye maduka walizipandisha bei katika kuzigeuza. Juu ya hivyo, taifa la mamilioni ya watu lilihama bila ya vurugu, kwa sababu lililochaguliwa lilikuwa ni wakati wa utulivu, na vya zamani viliachwa viende sambamba na vipya mpaka watu watulie.

POSTA YAHAMA KWA NGUVU

La pili ni baya, na tutalieleza kwa urefu kidogo.

Posta ya Uingereza ina maelfu ya vituo vidogo, na aghlabu kituo huwa ndani ya duka la mtu, naye mwenye duka huwa wakala. Kwa mkataba wake, fedha zikipungua kwa uzembe au kosa lake, wakala hulipa. Mawakala hao walikuwa wakifunga hesabu zao kwa karatasi, wakiweza kurudi nyuma mstari kwa mstari kutafuta kosa lilipo. Katika mwaka 1999 na 2000 waliletewa mpango wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotoka katika kampuni ya Fujitsu, na karatasi zikaondolewa.

Haukupita muda, mawakala wakaanza kuona upungufu wasioujua. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Hampshire, Jo Hamilton, alikuwa akiongozwa kwa simu na watu wa msaada wa Posta, akifanya kila aliloambiwa, na upungufu wa kiasi cha pauni 2,000 ukazidi maradufu mbele ya macho yake. Waliouliza, wengi wao waliambiwa ya kuwa ni wao peke yao wenye taabu hiyo. Wengine walilipa kutoka mfukoni, wakauza nyumba zao, wakakopa kwa jamaa. Wengine walishitakiwa kwa wizi na kwa kughushi hesabu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 walihukumiwa zaidi ya watu 900. Seema Misra alipelekwa gerezani mwaka 2010 hali ya kuwa ni mja mzito.

Nini ushahidi? Tarakimu za mashine. Na sheria ya huko tangu mwaka 2000 ilikuwa ikichukulia kwamba kompyuta yafanya kazi yake sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Basi wakala wa kijijini atathibitisha vipi, ilhali yaliyomo ndani ya mashine yamo mikononi mwa yule yule anayemshitaki? Baadaye ilidhihirika ya kuwa mpango huo ulikuwa na kasoro nyingi, na ya kuwa watu wa kampuni waliweza kuingia katika hesabu za kituo kutoka mbali bila ya wakala kujua.

Wakala mmoja wa Wales, Alan Bates, alivunjiwa mkataba wake mwaka 2003, naye hakunyamaza. Aliwakusanya wenziwe hata wakafika 555 kwenda mahakamani, na mwezi wa Disemba 2019 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa Horizon haikuwa ya kutegemewa katika miaka yake ya mwanzo. Mwezi wa Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, miongoni mwao Jo Hamilton na Seema Misra. Mwezi wa Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia wengine. Lakini ni nani atakayefuta miaka? Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwezi wa Julai 2025 imesema ya kwamba yumkini watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mambo haya.

Mashine yo yote yaweza kukosea, kama karani awezavyo. Msiba huu ulikuja pale mwandishi alipofanywa shahidi, daftari la kumkosoa likaondolewa, na kila aliyepinga akadhaniwa ni mwizi. Lau karatasi zingaliachwa zikaenda sambamba na kompyuta kwa muda wa kutosha, na lau upungufu ungalichunguzwa kabla ya mtu kutuhumiwa, wengi wangalisalimika.

DUKA LETU NA NYUMBA ZETU

Asifikiri mtu ya kwamba hayo ni ya wakubwa wa Ulaya, sisi yako mbali nasi. Chukua mfano wa gunia moja la sukari la kilo 50, nalo lauzwa kwa nusu kilo. Gunia hilo litapimwa mara 100. Kijana wa duka, kwa kumcha Mungu, kila apimapo huongeza chembe kidogo ili mizani isipunje, tuseme gramu 5. Mwisho wa gunia atakuwa ametoa gramu 500 zaidi, yaani nusu kilo nzima. Kompyuta imeandikiwa kilo 50 zimeingia, na fedha zilizopatikana ni za kilo 49 na nusu. Itasema nusu kilo haionekani. Mwenye duka asiyefahamu atamtazama kijana kwa jicho baya, na huenda akamkata mshahara. Basi yule aliyefanya insafu katika mizani ndiye atakayeitwa mwizi! Na kama hayo ni mafuta yamwagikayo, unga uliopata unyevu, na nyanya zinazooza. Daftari la mzee lilikuwa likiyasamehe hayo kwa kuwa mzee mwenyewe ayajua. Kompyuta haiyajui mpaka iambiwe.

Basi mwenye kutaka kuhama kwa salama, twamnasihi ayatazame haya.

Kwanza, achague wakati. Asianze mwisho wa Shaaban, wala katika Ramadhani, wala wiki ya Idi, wakati watu wamesongamana mlangoni na hapana wa kumuuliza mwenziwe. Aanze wakati biashara imepoa, na afunge duka siku moja au mbili kwa ajili ya kuhesabu.

Pili, ahesabu kabla ya kuingiza. Bidhaa zihesabiwe na watu wawili, kila mmoja akiandika peke yake, kisha walinganishe. Kosa likiingia siku ya kwanza litazaa kila siku. Na madeni yatengwe kwa shughuli yake mbali. Katika madaftari yetu mna majina ambayo mwandishi peke yake ndiye ayajuaye: mke wa fundi, yule wa mkokoteni, bibi wa nyumba ya pembeni. Kompyuta haiwajui hawa. Kila mmoja aitwe kwa upole, asomewe hesabu yake, na akubali au apinge, kisha aandikwe kwa jina lake kamili. Aliyekufa waulizwe warithi wake, kwani deni halimuachi maiti. Kazi hii ni nzito, lakini wengi watashukuru, na baadhi ya madeni yaliyosahauliwa yatalipwa papo hapo.

Tatu, hesabu mbili ziende pamoja. Kwa muda wa mwezi mmoja kwa uchache, na miezi mitatu ni bora, kila kinachoandikwa katika kompyuta kiandikwe na katika daftari, na kila usiku zilinganishwe. Tunajua watu watasema ya kuwa hii ni kazi maradufu, na watasema kweli. Lakini uchovu wa miezi mitatu una mwisho, na tuhuma iliyoingia baina ya baba na mwana au baina ya tajiri na mtumishi wake pengine haina mwisho. Zikikhitilafiana, msiulize ni ipi yenye haki, tafuteni sababu. Mara utakuta daftari limesahau, na mara utakuta kompyuta imeandikiwa bei ya jana.

Nne, kila mtu awe na neno lake la siri la kufungulia, asilitumie mwingine, hata akiwa ni ndugu. Duka ambalo watu watatu huuza kwa jina la mmoja, siku ya upungufu huyo mmoja hubeba mizigo ya watatu. Hii ni katika kuwalinda watu, wala si katika kuwashuku.

Tano, umeme ukikatika kuwe na daftari dogo la dharura, kila kitu kiandikwe pamoja na saa yake, na umeme ukirudi kiingizwe siku hiyo hiyo. Na kila jioni ichukuliwe nakala ya hesabu, iwekwe mbali na duka, kwani moto na mwizi havichagui.

Sita, mzee wa daftari asivunjiwe heshima. Akae pamoja na kijana, huyu akifunza biashara na yule akifunza mashine. Kijana na amwambie, "Baba, nionyeshe ulivyokuwa ukifanya," kabla ya kumwambia, "Zamani mlikosea." Karani aliyetumika miaka thelathini asifukuzwe kwa kuwa vidole vyake ni vizito. Ayajuayo yeye hayamo ndani ya mashine, na yakitoka naye mlangoni hayatarudi.

Saba, upungufu ukionekana, asituhumiwe mtu. Bidhaa ihesabiwe tena, risiti zitazamwe, mizani ipimwe, bei zilizoingizwa zisomwe, na anayehusika asikizwe maneno yake yote. Wala mshahara wa mtu usikatwe kwa tarakimu peke yake. Mtu akithibitishiwa khiyana kwa ushahidi wa haki, hayo ni mengine. Lakini heshima ya Muislamu, na ya kila mtu aliye chini ya amana yako, haivunjwi kwa karatasi iliyotoka katika mashine.

Na madaftari ya zamani yasichomwe. Yafungwe vizuri, yaandikwe miaka yake juu, yawekwe mahali pakavu. Siku ya mirathi yatasema yale ambayo hapana mwingine ayakumbukaye.

Enyi wenye maduka, na enyi mama mnaofanya biashara majumbani, msiikimbie hesabu mpya, kwani mna faida nyingi ndani yake. Itawaonyesha kipi kinachouzwa na kipi kinacholala, nani anadaiwa na tangu lini, na zaka yenu ni kiasi gani bila ya kukisia. Ipeni kalamu, iandike. Kiti cha shahidi wakalie watu waliokuwapo na waliolijua jambo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu abariki chumo za Waislamu, azilinde mali za mayatima, na atuepushe na kumdhulumu mtu kwa kujua au kwa kutojua. Amin.